Mhandisi wa mitambo anafundishwa nini chuo kikuu: maelezo kwa wazazi na vijana wa Kusini

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, napigiwa simu kutoka Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi mjini, nyingi zikiwa za ndugu wa ukoo, na swali huwa ni lile lile: mtoto amefaulu mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), anataka kuomba shahada ya uhandisi mitambo, je, baada ya miaka minne atakuwa anajua nini ambacho fundi aliyesoma VETA hapa Mtwara au Lindi hakijui? Kwa desturi zetu mjomba ndiye anayeulizwa habari za masomo ya watoto wa dada yake, na safari hii anayeuliza ni mpwa wangu mwenyewe, binti aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu. Nimeona niandike jibu kwa urefu ili na wengine walisome, kwa sababu swali hili ni zuri na linastahili zaidi ya lile jibu jepesi kwamba "atapata kazi kwenye gesi".

Nianze na fundi, kwa kuwa tusipomweka mahali pake hatutaelewana. Katika kazi za kihandisi nchini kwetu kuna fundi mchundo, ambaye mikono yake ndiyo inayochomelea, kuchonga, kufunga na kurekebisha. Kuna fundi sanifu, mwenye stashahada, anayesoma michoro, kupima na kusimamia kazi hiyo. Na kuna mhandisi. Nimefanya kazi na mafundi mchundo wanaotambua kwa kusikiliza tu kwamba vali ya injini haifungi sawasawa, na hakuna chuo kikuu kinachoweza kumpa kijana wa miaka ishirini na mitatu sikio la namna hiyo. Kazi ya mhandisi ni nyingine. Yeye anatakiwa aeleze kwa hesabu na ushahidi kwa nini mtambo unafanya kazi au unashindwa, atabiri utakavyokuwa kabla haujajengwa, kisha aweke saini yake chini ya uamuzi ambao maisha na fedha za watu wengine vitautegemea. Shahada nzima, kuanzia hisabati za muhula wa kwanza hadi mradi wa mwaka wa nne, imepangwa kwa ajili ya hilo.

Mfano utasaidia. Tuseme kuna pampu ya maji inayoendeshwa na mota, na beringi ya upande wa mota inakufa mara kwa mara. Fundi anaibadilisha vizuri, anaipaka grisi, pampu inaendelea, na baada ya muda mfupi simu inapigwa tena. Mhandisi aliyefundwa sawasawa haanzi na beringi mpya. Anaiomba ile ya zamani, ambayo kwa kawaida imeshatupwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, anaikata na kutazama njia ambamo gololi zilipita. Njia hiyo ikiwa imekwenda mshazari badala ya kufuata ukingo wa ringi, ni dalili kwamba shafti ya mota na shafti ya pampu hazikulinganishwa. Ikiwa chuma kimegeuka rangi ya kahawia au buluu, kilipata joto kupita kiasi, pengine kwa uhaba wa grisi au kwa wingi wake. Ikiwa kuna vidoadoa vya kutu, maji au hewa ya chumvi imepenya, jambo ambalo sisi tunaoishi kando ya bahari tunalifahamu vyema. Hapo ndipo maswali ya kweli yanapoanza: je, msingi wa zege umetitia? Je, bomba lilikatwa fupi, likafungwa kwa nguvu, na sasa linaivuta pampu upande?

Kwa nini kutolingana kidogo tu kulete uharibifu mkubwa? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kujibu, kwa kuwa katika somo la usanifu wa mashine amefundishwa kwamba umri wa beringi ya gololi unapungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo: mzigo ukizidi mara mbili, umri unashuka hadi sehemu moja ya nane. Beringi iliyopaswa kudumu miaka minne inakufa ndani ya miezi sita. Aliyelielewa jambo hili hatamwambia mwajiri wake anunue beringi za bei ghali zaidi; atamwambia anunue kifaa cha kulinganishia shafti, na atamwonyesha hesabu.

Masomo yenyewe hupangwa kwa mtiririko unaofanana katika vyuo vingi, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kimekuwa kikifundisha uhandisi tangu mwaka 1973, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mwaka wa kwanza ni hisabati, fizikia, uchoraji wa kihandisi na karakana. Kisha zinakuja nguzo ambazo mhandisi mitambo hawezi kuzikwepa: mekanika ya vitu vilivyotulia na vinavyotembea, uimara wa vyuma na malighafi nyingine, themodinamiki, ambayo ni elimu ya joto na kazi, na mekanika ya vimiminika na gesi. Juu ya nguzo hizo hujengwa usanifu wa mashine, uhamishaji wa joto, mbinu za uzalishaji viwandani na udhibiti wa mitambo. Wanafunzi wengi hulalamika kwamba kalkulasi ni nyingi mno na hawaoni inakokwenda. Nawaelewa, na sehemu ya lawama ni ya walimu wasioonyesha inakokwenda, maana mifano ipo hapa hapa nyumbani.

Maji ya Makonde ni mfano mmojawapo. Uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba hauna maji ya karibu. Maji husukumwa kutoka bondeni, kwenye chanzo cha Mitema, hadi juu uwandani. Mhandisi anaposikia habari hiyo, kichwani mwake panapaswa kuanza hesabu papo hapo. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Tuseme inapandishwa mita 300 kwenda juu: kazi inayohitajika ni takriban megajuli 2.9, sawa na uniti 0.82 za umeme, uniti zile zile tunazonunua kwenye LUKU, bila kuhesabu msuguano ndani ya bomba. Pampu na mota kwa pamoja zikiwa na ufanisi wa asilimia 60, uniti hizo zinakuwa karibu 1.36. Kwa mita za ujazo 1,000 kwa siku, ni uniti 1,360 hivi. Sasa pangaboi la ndani ya pampu likilika kwa mchanga na ufanisi ukashuka hadi asilimia 45, maji yale yale yatahitaji uniti zipatazo 1,820, yaani ongezeko la zaidi ya uniti 450 kila siku, na hakuna mtu atakayeona chochote kwa macho, kwa kuwa maji bado yanafika. Bili ndiyo itakayoonyesha, na ni mhandisi anayepaswa kujua kwamba bili ya umeme ni kipimo cha afya ya pampu.

Ustadi huu wa kukadiria kwa haraka, kwa kalamu na karatasi, naupa uzito mkubwa kuliko ustadi wa programu za kompyuta, ingawa programu hizo ni za lazima siku hizi na mwanafunzi asiyejua kuchora kwa kompyuta atapata taabu kuajiriwa. Kompyuta itatoa jibu lenye tarakimu nane hata kama namba iliyoingizwa ilikuwa na makosa. Mwenye makadirio yake mkononi ndiye atakayegutuka na kuuliza.

Nije kwenye korosho, kwa sababu naamini ndiko uhandisi mitambo una deni kubwa zaidi kwa watu wa Mtwara na Lindi. Korosho ghafi ni kitu kigumu kwa mashine. Ganda lake lina mafuta makali yanayochubua ngozi, na punje iliyomo ndani imejikunja, ni laini na hukatika upesi, na kila korosho ina ukubwa na umbo lake. Thamani yote imo katika kutoa punje ikiwa nzima: daraja la W320, lenye punje nzima nyeupe kati ya 300 na 320 kwa pauni moja, huuzwa kwa bei ambayo vipande havifikii. Kwa hiyo korosho hupangwa kwanza kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke ili ganda likakamae na punje ijitenge nalo, hupozwa, hubanguliwa, kisha punje hukaushwa hadi ngozi yake nyembamba ikauke na kumenyeka bila kuumiza punje. Katika kila hatua kuna somo la chuo kikuu. Mvuke ni themodinamiki. Ukaushaji ni uhamishaji wa joto na unyevu. Kisu cha kubangulia ni usanifu wa mashine pamoja na elimu ya jinsi vitu vinavyovunjika.

Mtazame mama mbanguaji mwenye uzoefu. Vidole amevipaka majivu au mafuta ili mafuta makali ya ganda yasimchubue. Anaichukua korosho, anaigeuza kwa dole gumba hadi mshono wake uwe juu, anagonga pigo moja kwa kipimo, ganda linapasuka kwa urefu, na punje inatoka nzima. Akiona korosho ndogo, pigo linapungua bila yeye kufikiri. Mashine ya kubangulia yenye visu vilivyowekwa nafasi moja haiwezi kufanya hivyo: korosho kubwa kuliko nafasi hiyo inakatwa pamoja na punje, na ndogo inapita bila kupasuka. Ndiyo maana kazi ya kupanga kwa ukubwa inaamua matokeo ya kisu, na ndiyo maana mhandisi anayetaka kuboresha mashine hiyo inampasa akae siku nzima kando ya mama huyo akiwa na mizani na kalipa, kifaa cha kupimia unene, apime nguvu ya pigo, unene wa ganda na unyevu wa korosho, kabla hajafungua kompyuta yake. Kutazama kwa subira ni ustadi wa kihandisi, na unafundishika.

Historia ya huku kwetu inatuonyesha gharama ya kuuruka ustadi huo. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulileta Nachingwea na kwingineko matrekta na mabuldoza, mengi yakiwa mabaki ya vita kuu, na yakakutana na mizizi, udongo na uhaba wa karakana ambao waliopanga hawakuupima. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vikubwa vya korosho kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kwa mitambo kutoka Italia na Japani, wakati mavuno ya nchi yalikuwa yamefikia tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74. Kisha mavuno yakaporomoka kwa sababu nyingi, zikiwemo bei, kuhamishiwa kwa wakulima kwenye vijiji vya ujamaa na ugonjwa wa ubwiri unga, na vingi vya viwanda hivyo vikanyamaza. Sisemi kwamba mhandisi mmoja angeyazuia haya. Nasema kwamba maswali ya mhandisi, yaani mtambo huu utalishwa na nini, vipuri vitatoka wapi, na nani ataukarabati, ni sehemu ya elimu yake kama zilivyo fomula, na mwanafunzi anayeyaona kuwa maswali ya watu wa biashara amesoma nusu tu.

Kuhusu gesi nitasema machache. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba la inchi 36 kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Na huko Likong'o, Lindi, upo mpango wa kiwanda cha kuigeuza gesi kuwa kimiminika kwa kuipoza hadi karibu nyuzi 162 za selsiasi chini ya sifuri, ambapo ujazo wake hupungua takriban mara 600. Yote haya ni kazi ya mhandisi mitambo. Lakini mitambo ya gesi, mara ikishajengwa, huendeshwa na watu wachache, na kijana anayechagua fani hii kwa ajili ya gesi peke yake anajifungia milango ya maji, saruji, bandari, korosho, vivuko, majokofu ya samaki na karakana za magari, ambako elimu hiyo hiyo inahitajika.

Jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue ni kwamba shahada haimfanyi mtu kuwa mhandisi kamili. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 iliunda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhitimu huanza kwa kusajiliwa kama mhandisi mhitimu, akafanya kazi chini ya usimamizi kwa muda usiopungua miaka mitatu, ndipo aombe kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Baadhi huona huu ni urasimu. Mimi nauona ni ulinzi wa watu. Fikiria boila ya kiwanda cha korosho, inayochochewa kwa maganda yenyewe, ambayo valvu yake ya usalama imeanza kuvujisha mvuke wakati wa msimu, na meneja anataka valvu hiyo ikazwe ili kazi isisimame. Mhandisi anajua kiasi cha nguvu iliyofungiwa ndani ya chombo kile, anajua nani wanaokaa upande wa pili wa ukuta, na anapaswa kusema hapana, akazima boila na kuandika sababu. Somo la maadili chuoni hufundishwa kwa saa chache na wanafunzi hulichukulia kama somo la kujazia, ilhali siku ya boila ndilo litakalopimwa kabla ya mengine yote.

Kuandika nako kusidharauliwe. Ripoti ya mhandisi, ambayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, itasomwa na mhasibu na mkurugenzi. Maelekezo yake, kwa Kiswahili, yatafuatwa na mwendesha mtambo zamu ya usiku. Asiyeweza kuandika yote mawili kwa usahihi atakuwa na hesabu nzuri zisizomfikia mtu.

Sasa malalamiko yangu. Mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi, ndiyo sehemu ya shahada inayoharibiwa kirahisi zaidi. Katika kiwanda kimoja nilichowahi kufanya kazi, wanafunzi walikuwa wakipokelewa, wakakabidhiwa ufagio na kazi ya kupeleka barua, na mwisho wa wiki nane kitabu chao cha kumbukumbu kikasainiwa bila kusomwa. Walirudi chuoni wakiwa hawajawahi kufungua hata sanduku moja la gia. Hasara ile ni ya kiwanda pia, kwa sababu mwanafunzi mwenye muda na udadisi anaweza kufanya kile ambacho sisi tulio kazini hatupati nafasi ya kukifanya: kupima mtetemo wa mota zote, kuchora upya bomba za mvuke ambazo michoro yake imepotea, kuhesabu joto linalopotea mahali ambapo bomba halikufunikwa. Vilevile ningependa miradi ya mwaka wa nne itoke zaidi huku. Kuna karatasi nyingi mno za usanifu wa mashine ambazo hazitajengwa kamwe, wakati mashine ya kupanga korosho kwa ukubwa, inayoweza kutengenezwa kwa vyuma vinavyopatikana Mtwara mjini na kukarabatiwa na fundi wa Masasi, bado inasubiri mwenye kuifanyia kazi. Kituo cha utafiti cha Naliendele kimejenga ujuzi mkubwa wa mkorosho shambani. Upande wa mashine tunahitaji bidii ya namna hiyo.

Kwa hiyo, mpwa wangu, unapochagua chuo usitazame jina peke yake. Uliza karakana ina mashine ngapi za lezi, zile za kuchongea vyuma, zinazofanya kazi na wanafunzi wangapi wanagawana moja. Uliza maabara ya vimiminika ina pampu inayozunguka au picha ya pampu. Uliza wanafunzi wa mwaka jana walikwenda fildi wapi, na ikiwezekana zungumza na mmoja wao. Fizikia yako ya kidato cha sita usiitupe, hasa mekanika na joto, kwa kuwa utaikuta tena ndani ya wiki ya kwanza.

Na kuna miezi kadhaa kati ya sasa na kufunguliwa kwa vyuo. Msimu wa korosho huanza kuchangamka mwezi Oktoba, kwa hiyo kipindi hiki kabla ya hapo ndicho ambacho viwanda hufungua mitambo yao na kuifanyia matengenezo. Nimeshazungumza na msimamizi wa karakana ya kiwanda kimoja, naye amekubali uje ukae na mafundi wake, uwe unawashikia spana, kuwauliza na kuandika. Njoo na viatu vya kufunika vidole na daftari lenye karatasi za miraba. Utaanza na boila, kwa kuwa wiki ijayo itakuwa imefunguliwa kwa ajili ya ukaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na mirija yake ya ndani itaonekana.